Mswidi Aliyefunga Dirisha

Mpishi ameshawasha jiko.

Maneno matatu. Yaliingia kwenye simu ndogo ya Nokia saa nne asubuhi, Jumamosi ya sikukuu, wakati Salvina Refalo ana mguu mmoja tu ndani ya suruali.

Aliyasoma mara moja. Akayafuta. Akaingiza mguu wa pili.

Mpishi lilikuwa jina la kazi la muuza silaha waliyemsaka miaka sita. Hakuna mpelelezi hata mmoja aliyewahi kuiona sura yake. Sasa alikuwa Gozo, kisiwa kidogo cha Malta, cha watu wa kula, kunywa na kulala mchana, tena katika bandari ya Qasba, kijiji alichozaliwa Salvina mwenyewe. Chini ya vitanda vya boti yake ya kifahari kulikuwa na makombora kumi na mawili ya kurushwa begani. Moja tu linatosha kuangusha ndege ya abiria. Usiku huo, watu wakikodolea macho fataki, mnunuzi angeyapokea baharini na kutokomea nayo.

Boti za kifahari bandarini zilikuwa arobaini na moja.

Wanaume waliofanana na maelezo ya mtoa habari, watatu.

Nafasi ya kukamata, moja. Wakipekua boti isiyo yake, Mpishi angekuwa ameshafika Sisili kabla hawajamaliza kuomba radhi.

Salvina alitia bastola ya Glock 26 kwenye kikapu cha ufukweni, chini ya taulo. Alivaa saa ya Garmin ambayo mafundi wa idara walikuwa wameichezea mpaka ikawa inapiga picha. Sikioni alichomeka kidude kidogo kama punje ya dengu.

"Chumvi yuko hewani," alisema.

"Mnara nakusikia." Ilikuwa sauti ya Kanali Zerafa, mkuu wake, aliyekaa Valletta, mji mkuu, kwenye kiyoyozi. "Wote watatu wameweka nafasi ya meza kwa Spiru, chakula cha mchana. Unapajua?"

"Spiru ni mjomba wangu."

"Vizuri. Basi utakula bure."

Kanali alikuwa mtu wa mzaha mbaya.

Mkahawa wa Spiru uko kwenye gati, madirisha saba yakitazama barabara. Na hapa lazima ujue jambo moja. Qasba ina watu elfu moja na mia mbili, kanisa moja na bendi mbili za tarumbeta. Klabu ya Tai ni ya bluu. Klabu ya Pomboo ni nyekundu. Watu hao wanasali pamoja na wanazikwa pamoja, lakini kunywa bia pamoja? Thubutu! Spiru alikuwa Tai mpaka kwenye uboho. Dada yake, mama yake Salvina, alifanya kosa la kuolewa na Pomboo, na mtoto humfuata baba.

"Haya tazameni nani kaja!" Spiru alipiga kelele toka jikoni, miaka sabini na moja, kitambaa begani. "Binti Pomboo! Umepotea njia, au huko kwenu bia imekwisha?"

"Nimekuja kuona kama bado unaunguza pweza, Mjomba."

"Mdomo huo! Sijui marehemu dada yangu alikuzaa au alikuokota. Kaa hapo kaunta, usiwaambukize wateja wangu."

Alimbusu mashavu yote mawili, akampa bia ya Cisk ya baridi na mkate wenye nyanya na samaki. Salvina aliupokea kwa moyo mzito. Huyu mzee hakuwa na mtu mwingine duniani. Mwanawe wa pekee, Gorg, alizama baharini miaka ishirini na tatu iliyopita. Boti ilionekana imepinduka chini ya magenge, mwili haukuonekana kamwe. Mkewe alimfuata kwa huzuni miaka miwili baadaye. Tangu hapo Spiru alikuwa akipika tu.

Salvina alitazama ukumbi kupitia kioo cha baa.

Meza ya pili, Mbelgiji mnene, anatokwa jasho, anatazama simu kila dakika.

Meza ya nne, Mswidi, ndevu za manjano zilizoingia mvi, miwani ya Ray-Ban. Anders Holm, kwa mujibu wa pasipoti.

Meza ya saba, Mwairishi, amelewa tangu asubuhi.

Ndani ya kila kichupa cha pilipili kwenye meza hizo tatu kulikuwa na kinasa sauti. Salvina alikuwa amevibadilisha mwenyewe kabla wateja hawajaketi. Vifaa vya bei mbaya sana. Mpaka saa saba vilikuwa vimenasa Mbelgiji akilalamikia kiungulia, Mwairishi akiimba, na Mswidi akiomba chumvi.

"Ni Mbelgiji," Kanali alisema sikioni. "Kapiga simu mbili Tripoli tangu alfajiri."

"Sina hakika."

"Mimi ninayo. Saa nane kamili vijana wanapanda boti yake."

"Kanali, tukikosea hatuna nafasi nyingine."

"Basi nipe kitu bora kabla ya saa nane."

Saa saba na nusu bendi ya Pomboo ikatokea kwenye kona.

Tarumbeta arobaini. Ngoma tatu. Vijana wenye fulana nyekundu wamebebana mabegani, wameloa bia kuanzia nywele hadi viatu, wanaimba matusi ambayo padre hujifanya hayasikii. Watalii mkahawani wakaruka na simu zao kupiga picha. Kwao ni burudani.

Kwa Spiru ni vita. "Fungeni!" alifoka. Yeye na wahudumu wawili wakakimbilia madirisha, wakayabamiza moja baada ya jingine. Ndivyo inavyofanywa Qasba tangu enzi za mababu. Bendi ya mahasimu ikipita mlangoni kwako, unaifungia dirisha usoni. Hata kama kuna mgonjwa ndani anayekufa kwa joto.

Madirisha ni saba, mikono ni sita.

Dirisha la meza ya nne lilibaki wazi, nyuma ya bega la Mswidi. Mhudumu alikuwa bado hatua kumi. Mswidi hakuinua uso toka kwenye sahani. Uma mkono wa kulia, pweza mdomoni. Mkono wa kushoto ukarudi nyuma wenyewe, ukashika ubao wa dirisha, ukauinua kidogo kwa sababu bawaba imelegea, ukauvuta, ukaangusha komeo.

Akaendelea kutafuna.

Salvina aliweka bia chini.

Mswidi gani huyo? Mgeni angepiga picha. Mgeni angepunga mkono. Mgeni, akiambiwa afunge, angeuliza kwa nini. Hili halifundishwi, mtu hulinyonya kwa mama yake. Na ile bawaba iliyolegea, aliijuaje?

"Mnara, ni meza ya nne. Mswidi."

"Ushahidi?"

"Kafunga dirisha."

"Kafunga nini?"

"Dirisha. Bendi ya Pomboo imepita, kafunga dirisha."

"Salvina, umekunywa?"

"Kanali, wewe ni mtu wa mjini, kwenu hakuna bendi mbili. Huyu si Mswidi. Huyu ni mtu wa Qasba, mtu wa Tai. Mwache Mbelgiji na kiungulia chake."

Kanali alipumua kwa nguvu. "Ukikosea, kazi huna."

"Sijakosea."

Lakini alikuwa ameshaanza kuhesabu. Watu wa Tai, umri miaka arobaini na tano hivi, walioondoka kisiwani. Wa Australia wote walituma picha kila Krismasi. Wa Kanada walirudi kila sikukuu na watoto wasiojua lugha ya nyumbani. Alihesabu akamaliza, na akabaki na mmoja tu.

Akamtazama tena Mswidi kwenye kioo. Akaziondoa ndevu kwa mawazo. Akaiondoa miwani.

Mungu wangu.

Gorg.

Binamu yake. Mtoto wa Spiru. Aliyemfundisha kuogelea, na ambaye Salvina, akiwa na miaka kumi na sita, alimlilia ufukweni. Alikuwa amekaa anakula pweza wa baba yake, na baba anampitia kushoto na kulia na sahani bila habari.

Alimwambia Kanali jina, kwa sababu ndiyo kazi.

"Utaweza?" Kanali aliuliza.

"Nitaweza. Lakini namtaka mzima."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mtu aliye gerezani hutembelewa."

Hilo tu ndilo alilotaka. Makombora yapatikane, ndiyo. Lakini yule mzee apate mwanawe, japo nyuma ya nondo.

Mpango ulikuwa mwepesi. Mswidi alikuwa ameweka tena nafasi ya meza kwa Spiru saa mbili usiku. Salvina angemshikilia mezani mpaka saa tatu kasorobo, wapiga mbizi waivamie boti yake bila kelele. Doria ingemngoja mnunuzi nje ya ghuba.

Saa mbili na robo mkahawa ulikuwa umefurika. Divai, magitaa, wachumba wanalishana kamba, Mwairishi amelala juu ya mikono yake. Salvina alichukua glasi na kikapu chake, akaenda meza ya nne, akavuta kiti bila kuomba.

"Gorg," alisema, kwa lugha ya nyumbani.

Mswidi alitabasamu, akajibu Kiingereza chenye Uswidi ndani yake. "Samahani, bibi?"

"Ulifunga dirisha, Gorg. Mchana. Pomboo walipopita."

Aligeuka akalitazama dirisha. Alilitazama kwa muda. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, kumbe anacheka.

"Shenzi kabisa," alisema, na sasa ilikuwa lugha ya Qasba, yenye kutu kidogo. "Miaka ishirini na tatu. Polisi wa nchi kumi wameshindwa, nije kukamatwa na bendi ya Pomboo. Tarumbeta zenyewe bado zinapiga chafya."

"Mikono juu ya meza."

"Na wako utoke kwenye kikapu. Salvina, sivyo? Umefanana na shangazi."

Hakuna mkono uliosogea.

"Ulitufanyia nini?" Salvina alisema. "Mama yako alikufa kwa ajili yako. Unajua?"

"Najua. Nilituma maua."

"Yalikuja bila jina."

"Maiti ana jina?" Alikunywa divai kidogo. "Nilikuwa navusha sigara kwa boti ya mzee. Nikapoteza mzigo wa watu wabaya. Wakasema watamchoma mzee ndani ya mkahawa wake. Nikafa mimi, wakamwacha. Baadaye nikaenda kuwafanyia kazi watu haohao, kwa jina jingine. Unazoea, binamu. Hilo ndilo baya lake, unazoea."

"Jisalimishe. Utafungwa, mzee atakuja kukuona."

"Aje amwone nani? Muuza vifo?"

"Aje amwone mtoto wake, mpumbavu wewe!"

Spiru alitokea na sahani. Wote wawili wakanyamaza. Mzee aliiweka mbele ya Mswidi, akamjazia glasi, akamgusa bega.

"Kula, bwana," alisema kwa Kiingereza chake cha watalii. "Umekonda."

Spiru huwaambia hivyo wateja wote. Akaenda zake jikoni. Gorg alimsindikiza kwa macho, na kwa mara ya kwanza sura yake ikalegea.

"Kwa nini umekuja kula hapa?" Salvina aliuliza. "Ungebaki botini usingekamatwa."

"Nilitaka mara moja tu. Mara moja ikawa siku nne." Akajifuta mdomo. "Asijue. Niahidi."

"Siahidi kitu. Mikono, Gorg."

Fataki ya kwanza ililipuka juu ya kanisa.

Meza ikaruka. Divai, sahani, pweza, vyote vikamwangukia Salvina kifuani. Alipofuta macho, Gorg alikuwa ameshaingia jikoni. Salvina akachomoa bastola kikapuni, akaruka wachumba wawili, akapita kati ya masufuria, akatokea mlango wa nyuma. Ngazi za gati. Mtumbwi wa mpira, injini ya Yamaha inanguruma, unakata maji kuelekea mdomo wa ghuba.

Alidandia pikipiki ya majini ya idara iliyofichwa chini ya turubai.

"Mnara kwa Chumvi! Yuko wapi?"

"Majini! Anaelekea kwa mnunuzi!"

"Boti tumeishika. Makombora yako mikononi mwetu. Kumi na... subiri." Aliporudi, sauti ilikuwa nyingine. "Kumi na moja. Salvina, tumehesabu mara mbili. Yako kumi na moja."

Mbele yake, kwenye mtumbwi, kulikuwa na kitu kirefu chini ya turubai.

Sampuli ya mteja.

Anga ililipuka nyekundu, kisha bluu. Nje ya ghuba boti nyeusi ya mnunuzi iliwasha taa, na papo hapo ikamulikwa na doria. Kisha helikopta ikatokea nyuma ya magenge, imeshuka chini kabisa, taa yake ikimtafuta Gorg. Ndani yake mlikuwa na watu wanne. Salvina aliwajua wote kwa majina.

Gorg alizima injini. Akasimama. Turubai likaanguka, bomba likapanda begani.

"Gorg! Weka chini!"

Alikuwa mita thelathini. Alimsikia. Aligeuza kichwa akamtazama, fataki zikimwangaza ndevu. Kisha akarudisha jicho kwenye kilengeo.

"Weka chini, nakuomba! Mzee atakuja kukuona!"

Bomba lilifuata helikopta. Likatulia.

Salvina alifyatua mara mbili.

Hakuna aliyesikia. Kisiwa kizima kilikuwa kinapiga makofi.

Saa nne kasorobo Kanali Zerafa alikuwa gatini, suti kavu, viatu vinang'aa. Mnunuzi alikuwa na pingu. Makombora yote kumi na mawili yalikuwa yamehesabiwa, la mwisho likitoa maji. Chini ya turubai, ndani ya boti ya doria, alilala mtu mwenye ndevu za manjano.

"Kazi safi," Kanali alisema. "Sasa sikiliza. Mswidi kakamatwa mzima. Hivyo ndivyo tutakavyosema. Wateja wake wakijua kafa, watalala fofofo. Wakidhani yuko kwetu anazungumza, watatapatapa, na tutawadaka mmoja mmoja."

"Kwa muda gani?"

"Mwaka. Labda miwili."

"Na mwili?"

"Barafuni. Bila jina."

"Na mjomba wangu?"

Kanali aliwasha sigara. "Mjomba wako alifiwa miaka ishirini na tatu iliyopita. Sisi hatujamwongezea kitu. Ni amri, Salvina, si ushauri."

Alitamani kumtupa majini na viatu vyake. Hakumtupa. Aliusikia uchungu ukipanda hadi kwenye meno, akaumeza, kama alivyomeza mengine.

Kikapu chake kilikuwa bado mkahawani. Wateja wote walikuwa wametoka kutazama fataki. Spiru alikuwa peke yake, anafagia vigae vya sahani karibu na meza ya nne.

"Huyo Mswidi," alisema bila kuinua kichwa. "Mmemkamata?"

Salvina alisimama. Miaka yote mzee alikuwa akiambiwa mpwa wake ni karani wa bandari.

"Tumemkamata, Mjomba."

"Mzima?"

Kidude kilikuwa bado sikioni. Kanali alikuwa anasikia kila neno.

"Mzima."

Ufagio ulimtoka Spiru mkononi. Aliketi kwenye kiti kilichokuwa karibu, akaziba uso kwa kitambaa chake, na mabega yakaanza kutikisika. Salvina alidhani analia. Kumbe anacheka, machozi yanamtiririka, anacheka kama aliyepandwa na wazimu.

"Ni Gorg," alisema. "Ni mwanangu, Salvina. Nimemjua tangu Jumatano, alipoinama kuinusa supu. Nikataka kupiga ukelele. Nikajiambia, Spiru, ukisema atakimbia, ukinyamaza kesho atarudi kula. Nikanyamaza. Siku nne nimemlisha mtoto wangu na ulimi nimeuuma."

Salvina aliuokota ufagio, akauegemeza ukutani.

"Najua kafanya mabaya. Sitamuuliza. Mtu hawi Mswidi hivihivi. Afungwe, afungwe hata miaka thelathini, mradi anapumua." Alijipangusa. "Ulikimbia na bastola, mama, nikakuona. Nikapiga magoti pale jikoni, nikasema, basi, ananiulia. Nawe umemleta mzima."

Alimshika mikono yote miwili, akaibusu.

"Ya Pomboo yote nimekusamehe. Jumatatu utanipeleka?"

"Mjomba..."

"Kule gerezani kuna baridi?"

"Kidogo."

"Nitampelekea sweta. Langu litamtosha? Kakonda, lakini mabega anayo."

"Litamtosha," Salvina alisema.

Alichukua kikapu chake. Akamalizia divai iliyokuwa kaunta, akaweka glasi, akatoka. Nje bendi mbili zilikuwa zinapiga nyimbo mbili kwa wakati mmoja, na watu wanacheza. Alitembea katikati yao taratibu, mkono mmoja mfukoni, kuelekea kwenye gari.

"Salvina!" Spiru alikuwa amesimama mlangoni, anapunga kitambaa. "Jumatatu saa ngapi?"

"Mapema, Mjomba," alijibu bila kugeuka, akafungua mlango wa gari.